Kimo na Mahali pa Kuanzia Kuhesabu

Mtu asimamaye Mwazye yuko juu sana, walakini hajioni kuwa yuko juu. Mbele yake ni mashamba ya mahindi, maharage na ulezi. Nyuma yake ni mbuga ya majani iliyotandazwa kama mkeka. Na jicho likikosa bonde la kulinganishia hudhani kwamba dunia yote iko sawa na hapa. Mpaka atembee kuelekea magharibi, afike pale ambapo uwanda wa Ufipa unakatika, ndipo aonapo Ziwa Tanganyika limelala chini kwa kadiri ya mita 1,000. Akirudi akaelekea mashariki hukuta ukingo mwingine, na chini yake Ziwa Rukwa. Mji wa Sumbawanga uko takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Ziwa Tanganyika liko takriban mita 770, na Ziwa Rukwa takriban mita 800. Nchi hii ni meza kubwa iliyowekwa baina ya maziwa mawili, na aliyekaa juu ya meza haoni miguu yake.

Nchi ya namna hii hufundisha jambo moja kabla ya kitabu chochote, nalo ni kwamba hakuna kimo kisichokuwa na mahali kilipoanzia. Insha hii yataka kueleza jinsi marubani walivyojifunza kuwatajia waongoza ndege kimo chao angani, na kwa nini kujifunza huko kulichukua miaka mingi na kugharimu maisha ya watu. Huonekana kuwa jambo la mafundi peke yao. Kwa hakika ni sura moja katika historia ya mapatano ya wanadamu, na sehemu yake imeandikwa katika nchi zetu wenyewe.

Tufikiri marubani watatu wanaoruka karibu na Ufipa, na kila mmoja anasema kwa redio, "Mimi niko futi 3,000." Wa kwanza anahesabu tangu usawa wa bahari, yeye yuko kiasi cha futi 470 tu juu ya maji ya Ziwa Tanganyika. Wa pili alianza kuhesabu tangu ufuko wa ziwa. Yeye yuko kadiri ya futi 5,500 juu ya bahari. Wa tatu aliruka kutoka Sumbawanga na kuhesabu tangu kiwanja chake; yeye yuko karibu na futi 8,900. Hakuna mwongo kati yao. Kila mmoja amesema kweli kwa hesabu yake, na kila mmoja yuko mahali pake mbali na wenzake. Lakini huyo wa pili, akielekea mashariki katika mawingu hali anajiona yuko juu sana, ataipiga ardhi ya Ufipa, kwa maana uwanda wa Sumbawanga uko futi 5,900 juu ya bahari. Kweli yake haitamwokoa.

Msomaji wa Kiswahili hahitaji mfano wa mbali ili aelewe neno hili. Sisi huhesabu saa tangu jua lichomozapo, na wengine huhesabu tangu usiku wa manane. Tusemapo saa mbili ya asubuhi, Mwingereza huandika saa nane. Wakati ni ule ule, na jua ni lile lile. Kilichotofautiana ni mahali pa kuanzia kuhesabu. Mgeni aliyeambiwa garimoshi litaondoka saa mbili, naye asiulize ni saa mbili ya nani, atafika stesheni na kukuta reli tupu. Hasara yake ni safari moja. Katika anga hasara ya kosa hilo ni kubwa kupita hiyo.

Kupima kimo hapa kwetu kulianza zamani kuliko ndege. Mwezi wa Februari 1858 Richard Burton na John Hanning Speke walifika Ziwa Tanganyika. Vyombo vyao vilivyo bora vilikuwa vimeharibika njiani, wakabaki na njia moja ambayo kila mpishi wa Ufipa anaijua bila kuiita elimu: maji hayachemki kwa joto moja kila mahali. Kadiri mtu apandavyo juu, hewa hupungua uzito, na maji huchemka upesi kwa joto dogo. Pwani maji huchemka kwa digrii 100; Sumbawanga huchemka kwa kadiri ya digrii 94. Ndiyo sababu sufuria ya maharage katika nyanda za juu hutokota sana na maharage yakachelewa kuiva. Basi Speke alichemsha maji kando ya ziwa, akatia kipimajoto cha kawaida, akasoma joto, na kwa hesabu akapata kwamba ziwa liko kadiri ya futi 1,850 juu ya bahari. Kimo chake cha kweli ni kama futi 2,530. Alikosea kwa futi 700 hivi, na kosa hilo lote lilitokana na kipimajoto kilichopotoka kwa kiasi kisichotimia digrii moja.

Kosa hilo lilisafiri mbali. Mwaka 1864 Samuel Baker alifika Ziwa Albert na kulipima, akasema liko futi 2,720. Naye alikosea, lakini upande wa pili, maana Ziwa Albert liko kadiri ya futi 2,030 tu. Kwa hesabu hizo mbili zilizochapishwa London, Ziwa Albert likawa juu na Tanganyika likawa chini, hali kwa kweli Tanganyika ndilo lililo juu. Wakati huo wasomi wa Ulaya walikuwa wakigombana juu ya chanzo cha Mto Nile, na wale waliodhani kwamba maji ya Tanganyika huenda kaskazini waliambiwa kwamba maji hayapandi mlima. Hoja ilikuwa nzuri, lakini ilijengwa juu ya namba mbili mbovu. Shauri halikukatwa na namba, bali na miguu: mwezi wa Novemba 1871 Livingstone na Stanley walikwenda mpaka mwisho wa ziwa upande wa kaskazini, wakaona mto Rusizi ukiingia ziwani wala si kutoka. Hapo tunajifunza fundisho la kwanza: namba ya kimo, ikisemwa na mtu mmoja aliye mbali, na pasiwe na mwingine wa kuithibitisha, yaweza kutawala vichwa vya watu kwa miaka mingi.

Chombo ambacho rubani hutumia ni ndugu wa sufuria ya Speke. Huitwa altimita, na ndani yake ni barometa. Evangelista Torricelli wa Italia alionyesha katika miaka ya 1640 kwamba hewa ina uzito, na mwaka 1648 Florin Périer, kwa shauri la shemeji yake Blaise Pascal, alipanda mlima wa Puy de Dôme kule Ufaransa na barometa, akaona zebaki ikishuka kadiri alivyopanda. Karibu na usawa wa bahari, mtu akipanda mita 8 hivi mgandamizo wa hewa hupungua kwa milibari moja. Altimita hupima mgandamizo huo, kisha huugeuza kuwa futi. Ni vema tulishike sana jambo hili: altimita haioni ardhi, haioni mlima, haioni ziwa. Yahisi uzito wa hewa tu, na kutokana na uzito huo yakisia. Na kwa kuwa uzito wa hewa hubadilika kwa jua na mvua, altimita iliyoachwa bila kurekebishwa husema kimo kipya hata kama ndege imelala kiwanjani usiku kucha.

Ndege za kwanza zilizofika karibu na Ufipa zilikuja kwa vita. Katikati ya mwaka 1916 Wabelgiji walirusha ndege za majini kutoka upande wa Kongo wa Ziwa Tanganyika, wakatupa mabomu Kigoma, bandari ya Wajerumani. Miaka minne baadaye njia ya hewa kutoka Misri mpaka Afrika ya Kusini ilijaribiwa. Ndege ya Vickers Vimy iliyokodiwa na gazeti la The Times la London ilivunjika Tabora tarehe 27 Februari 1920 ilipokuwa ikijaribu kuruka. Pierre van Ryneveld na Quintin Brand walipita Abercorn, mji ambao leo huitwa Mbala, jirani ya kusini ya Ufipa. Ndege yao ilianguka Bulawayo tarehe 6 Machi 1920 kwa kushindwa kupanda, wakapewa nyingine na kumaliza safari yao Cape Town. Joto la mchana na wembamba wa hewa ya nyanda za juu ndio uliokuwa adui wao. Watu hao walikuwa na altimita mbele ya macho, lakini hawakuwa na mtu wa kumwambia ilivyosema. Kimo kilikuwa siri baina ya rubani na chombo chake.

Siri hiyo haikuweza kudumu ndege zilipoongezeka. Mwaka 1920 kiwanja cha Croydon karibu na London kilipata mnara wa kuongozea ndege, na redio ikawa ulimi wa anga. Katika mwaka 1932 kampuni ya Imperial Airways ilipofungua njia yake mpaka Cape Town, Mbeya ikawa kituo kimoja katika nyanda zetu. Rubani aliyetoka Dodoma kwenda Mbeya alihitaji kujua kabla ya kufika hewa ya Mbeya ina uzito gani siku hiyo. Mwaka 1928 Paul Kollsman alikuwa ametengeneza altimita iliyo sahihi kuliko zilizotangulia, yenye kitasa cha kuzungusha. Kwa kitasa hicho rubani huiambia altimita mahali pa kuanzia kuhesabu. Hapo ndipo kimo kilipoacha kuwa habari ya chombo na kuwa mazungumzo ya watu wawili: mmoja aliye chini anayepima hewa ya kiwanja, na mmoja aliye juu anayeitumia habari hiyo.

Kutoka katika lugha ya simu za upepo, marubani walirithi maneno mafupi ya herufi tatu yanayoanza kwa Q, nayo hayakuwa vifupisho bali alama tu. Rubani akipewa namba iitwayo QFE na kuiweka katika altimita, chombo husoma sifuri atuapo katika kiwanja kile. Akipewa QNH, chombo husoma kimo cha kiwanja juu ya usawa wa bahari. Kwa QFE, rubani aliyetua Sumbawanga huona sifuri. Kwa QNH, huona futi 5,900 hivi. Tena nyanda za juu zina sharti lao. Mgandamizo wa hewa ya Sumbawanga, hali ya hewa ikiwa ya wastani, ni kadiri ya milibari 815, na altimita nyingi haziwezi kurekebishwa kushuka kiasi hicho. Kwa hiyo katika nchi kama yetu usawa wa bahari, ambao wakazi wengi wa Ufipa hawajapata kuuona, ndio uliokuwa kipimo cha pamoja.

Lakini usawa wa bahari nao haukutosha. Ndege iendayo mbali hupita nchi nyingi, na hewa ya kila nchi ina uzito wake. Kama rubani mmoja ameweka namba ya Nairobi na mwingine ameweka namba ya Lusaka, nao wakakutana juu ya Ziwa Rukwa, kila mmoja atakuwa na kimo chake cha haki, na haki hizo mbili zaweza kugongana. Baada ya mkutano wa Chicago wa mwaka 1944, ulioanzisha shirika la usafiri wa anga la mataifa yote, dunia ilijifunga polepole kwa kanuni moja: ndege iliyo juu ya kimo fulani huacha namba ya kiwanja na kuweka namba moja, milibari 1,013.25, popote iwapo duniani. Namba hiyo ni ya hewa ya kukadiriwa, hewa ambayo huenda leo haipo mahali popote. Kimo kipatikanacho huitwa ngazi, na hutajwa kwa mamia ya futi. Ngazi ya 350 ni futi 35,000 kwa hesabu hiyo.

Mtu aweza kushangaa kwamba elimu iliyotafuta usahihi kwa karne tatu iliishia katika kukubali namba isiyo sahihi. Lakini hekima iko hapo hapo. Ndege mbili zilizo juu ya milima yote hazihitaji kujua ziko umbali gani na bahari. Zahitaji kujua ziko umbali gani zenyewe kwa zenyewe. Zikikosea zote kwa kiasi kimoja, nafasi baina yao ni ya kweli. Kwa hiyo katika anga ya juu kosa moja la wote ni salama kuliko usahihi wa kila mtu peke yake. Karibu na ardhi hukumu hugeuka, kwa kuwa mlima haukuhudhuria mkutano wa Chicago wala haukuweka sahihi. Hapo rubani hurudi kwenye namba ya kiwanja. Ndiyo maana katika kutaja kimo haitoshi kutaja namba. Ni lazima neno litangulie kuonyesha kama ni ngazi au ni kimo juu ya bahari, na neno hilo dogo ndilo lishikalo maisha.

Kanuni zilipokwisha kuandikwa, hatari haikwisha. Ilihama kutoka katika chombo ikaingia katika macho, masikio na midomo. Altimita za wakati ule zilikuwa na mishale mitatu juu ya uso mmoja: mmoja wa mamia, mmoja wa maelfu na mmoja wa makumi elfu. Tarehe 24 Desemba 1958 ndege ya Britannia ilianguka kusini mwa Uingereza, na uchunguzi ukaona kwamba marubani waliisoma altimita wakikosea kwa futi 10,000: walijiona wako futi 11,500, hali walikuwa futi 1,500. Chombo kilisema kweli, aliyesoma hakuielewa. Na kimo, hata kikiwa sahihi, hakimwambii mtu yuko wapi. Tarehe 18 Mei 1955 ndege ya Dakota ya East African Airways, iliyotoka Dar es Salaam kwenda Nairobi, iligonga mteremko wa Mawenzi, kilele cha pili cha Kilimanjaro, na watu wote 20 waliokuwamo walikufa.

Tukio linalofundisha kuliko yote kwa watu wa nyanda za juu lilitokea Nairobi, nalo halikuua mtu hata mmoja. Tarehe 3 Septemba 1974 ndege kubwa ya Boeing 747 ya British Airways ilikuwa ikishuka kwenda kutua. Mwongoza ndege aliwapa marubani ruhusa ya kushuka mpaka futi 7,500. Katika lugha ya redio namba husemwa tarakimu moja moja: saba, tano, sifuri, sifuri. Marubani walisikia tano, sifuri, sifuri, sifuri. Walirudia walivyosikia, na aliyetoa ruhusa hakulishika kosa hilo wala hakulisahihisha. Futi 5,000 zikawekwa katika chombo, na ndege ikaendelea kushuka.

Tuyapime maneno hayo. Kiwanja cha Nairobi kiko futi 5,327 juu ya usawa wa bahari. Walioambiwa washuke mpaka futi 7,500 walikuwa wakishuka kwa utulivu kuelekea kimo kilicho chini ya ardhi kwa futi 327. Mombasa au Dar es Salaam, futi 5,000 ni anga pana iliyo tupu. Nairobi ni ndani ya udongo. Na Sumbawanga ni ndani zaidi, karibu futi 900 chini ya nyasi. Namba hiyo haikuwa mbaya kwa yenyewe. Ubaya wake ulikuwa katika nchi iliyotajiwa. Ndege ile ilipandishwa tena ikiwa imebakiwa na kadiri ya futi 70 baina yake na ardhi, ikazunguka, ikatua salama. Futi 70 ni urefu wa mti mkubwa.

Mkasa wa Nairobi wastahili kukumbukwa kwa sababu ulinzi ulikuwapo nao haukufanya kazi. Desturi ya kurudia agizo iliwekwa makusudi kwa siku kama ile. Anayepokea namba hurudia namba, na aliyeitoa hukaa kimya akisikiliza kama imerudi ilivyokwenda. Lakini kurudia kuna maana tu kama upande wa pili kuna sikio. Mazoea ni mwizi wa masikio: mtu aliyesema saba tano huwa tayari kusikia saba tano, hata akijibiwa neno jingine. Miaka 15 baadaye jambo la aina hiyo lilifika mwisho wake wa msiba. Tarehe 19 Februari 1989 ndege ya mizigo ya kampuni ya Flying Tiger ilikuwa ikikaribia Kuala Lumpur, nchi ya Malaysia. Iliruhusiwa kushuka mpaka futi 2,400. Katika Kiingereza neno la "mpaka" na neno la "mbili" hutamkwa sawa, na marubani walisikia kwamba washuke mpaka futi 400. Walirudia mia nne, hawakusahihishwa, wakagonga kilima, na wote wanne wakafa.

Hatari ya maneno yanayofanana si ngeni kwa wasomi wa lugha. Wasomao hati za kale za Kiarabu wanajua kwamba saba na tisa, zikiandikwa kwa maneno bila nukta, hufanana hata msomaji asijue ipi ni ipi, na tarehe za watu mashuhuri zimegombaniwa kwa sababu hiyo. Marubani walikuwa na shida ile ile kwa masikio. Ndiyo sababu tisa ya Kiingereza huongezewa mkia katika redio isifanane na tano, na tatu na tano zikapewa matamshi yake maalumu. Lugha nzima ya anga ni lugha iliyopunguzwa uzuri ili iongezwe usalama. Mshairi huchagua neno lenye maana mbili. Mwongoza ndege hulikimbia.

Mitambo ilipokuja ilichukua sehemu ya mzigo huu. Rada za kwanza zilionyesha mahali ndege ilipo, lakini si kimo chake. Kutokana na uvumbuzi wa Vita Kuu ya Pili kulitokea chombo kiitwacho transponda, ambacho huulizwa na rada na kujibu chenyewe, kikitaja kimo cha ndege kwa hatua za futi 100. Na hapa mapatano ya zamani yameingizwa ndani ya chombo: transponda hutaja kimo kwa milibari 1,013.25 daima, hata rubani azungushe kitasa chake apendavyo. Kusahihisha kwa namba ya kiwanja hufanywa chini, kwa mwongoza ndege. Hata hivyo mdomo haukufukuzwa kazini. Ndege inapoingia katika mamlaka ya mwongoza ndege, rubani hutaja kimo chake kwa sauti, na mwongozaji hulinganisha neno hilo na lile la transponda. Zikitofautiana kwa zaidi ya futi 300, au futi 200 katika anga ambamo ndege hupangwa karibu karibu, habari ya chombo haiaminiwi. Ni ushahidi wa wawili, na hakuna anayehukumu kwa shahidi mmoja.

Tanzania iliingia katika sura hii kwa njia yenye maneno mengi. Rada iliyonunuliwa kwa BAE Systems ya Uingereza na kuwekwa Dar es Salaam mwaka 2002 iligombaniwa bei yake katika mabunge ya nchi mbili. Mwaka 2010 kampuni hiyo ilikiri mahakamani kosa la kutotunza vema kumbukumbu za hesabu, na ikakubali kuwalipa Watanzania, na fedha zile, pauni milioni 29.5, zikatumika kwa vitabu na madawati ya shule. Mwaka 2017 serikali iliweka mkataba wa rada nne za kiraia kwa Dar es Salaam, Kilimanjaro, Mwanza na Songwe. Na Songwe ndiyo jirani ya Ufipa. Kabla ya hapo, kwa miaka mingi, mwongoza ndege wa anga yetu ya kusini-magharibi hakuona kitu. Alikuwa na karatasi na redio, na ndege ilikuwa ni maneno ya rubani: jina lake, mahali alipo, saa, ngazi, na mahali atakapofika baadaye. Kama maneno hayo yalikuwa ya kweli, ndege ilikuwa pale. Kama yalikosea, hapakuwa na jicho la kuyakana.

Tena katika sehemu kubwa ya Afrika marubani walijiwekea desturi nyingine kwa kuwa redio za chini hazikusikika kila mahali. Kwa masafa ya 126.9 kila rubani hutangaza kwa wote walio karibu mahali alipo na ngazi yake, bila kungoja ajibiwe. Ni kama wapita njia wanaopiga hodi katika giza ili wasipigane vikumbo. Mwaka 2008, Afrika ilipokubali kupunguza nafasi baina ya ngazi za juu kutoka futi 2,000 mpaka 1,000, uaminifu wa hodi hiyo ukawa na thamani mara mbili.

Tumetoka kwenye sufuria ya Speke mpaka kwenye chombo kinachojitaja chenyewe, na katika safari hiyo yote haja zilizokuwa zikitafutwa ni mbili tu. Ya kwanza ni kukubaliana mahali pa kuanzia kuhesabu. Ya pili ni kuwa na mtu wa kurudishiwa neno, aliye tayari kusema, "Sivyo." Speke alikosa la pili, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na kipimajoto cha kulinganisha naye. Marubani wa Nairobi walikuwa na yote mawili, lakini la pili lililala usingizi kwa dakika moja.

Wanafunzi wa historia nao wana ngazi zao. Husema nchi fulani iko juu na nyingine iko chini, zama fulani zilipanda na nyingine zilishuka, na mara nyingi hawasemi wameanza kuhesabu wapi. Afadhali wajifunze kwa rubani, ambaye hatamki namba kabla ya neno la kuonyesha msingi wake, na akiisha kuitamka hungoja irudiwe.

Na Mwazye iko pale pale. Ndege iendayo kusini ikipita juu yake, rubani ataja ngazi yake kwa hesabu ya hewa isiyopo mahali popote, na mwenzake aliye mbali hurudia. Mkulima aliye shambani huinua kichwa, huona mstari mweupe, hurudi kwenye jembe lake. Kwa hesabu ya bahari yuko futi elfu kadha juu, na kwa hesabu ya ndege yuko chini kabisa. Kwa hesabu yake mwenyewe yuko nyumbani. Hesabu hizo tatu zote ni za kweli, maadamu kila mtu ataje ameanzia wapi.